Matairi Yaliyopita Mkononi mwa Mzee

Tairi lilipasuka saa nne asubuhi, likiwa limeegemezwa ukutani, halijakanyaga hata barabara. Lilikuwa limevishwa rimu na kujazwa upepo, linamngoja mteja aje kulinunua. Jua likalipiga, likachoka kungoja. Fundi alijikuta amelala kifudifudi nyuma ya karai la maji la kutafutia pancha, masikio yanalia, mdomo umejaa vumbi. Alijipapasa, akakuta viungo vyake vyote vipo mahali pake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutukana. Cha pili ni kumtafuta baba yake.

Baba yake alikuwa palepale alipo siku zote, kwenye kiti cha plastiki chini ya bati la karakana, mikono miwili juu ya magoti.

"Kimepasuka nini?" akauliza mzee.

"Tairi."

"La nani?"

"Letu, baba. La ule mzigo wa juzi."

Mzee aliinamisha kichwa. Kwa kawaida asingekosa neno. Angesema tairi lina haki ya kukasirika kama mtu yeyote.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mabega mapana, kucha fupi nyeusi ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzishinda. Mama yake alimpa jina zuri, lakini mtaani lilishasahaulika. Kila mtu alimwita Fundi, hata mchungaji wa mbuzi wa jirani. Aliinuka, akajikung'uta, akalisogelea lile tairi. Ubavu wote ulikuwa umefunguka, nyuzi za waya zimechomoza nje. Meno yake ya kukanyagia lami yalikuwa marefu na mazuri, kama ya tairi la jana.

Hapo ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Ng'ombe utamjua umri kwa meno, tairi hulijui. Tairi lililokaa stoo miaka kumi bila kutembea lina meno yote kinywani, lakini mpira wake umeshakauka ndani kwa ndani, na penye lami inayochemka kuanzia asubuhi, mpira mkavu ni kifo kinachozunguka. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, tarakimu nne ndani ya kiduara kilicholala: mbili za wiki, mbili za mwaka. Fundi akapangusa vumbi, akasoma. Akapangusa tena, akasoma tena. Tairi lilikuwa na miaka kumi na moja.

Baba yake alilishika tairi hilohilo siku mbili zilizopita, akalipapasa, akasema, "Chukua. Lina miaka mitatu." Na kwenye mzigo huohuo, kwa mkono uleule, alichagua mengine manne. Hayo manne yalikuwa barabarani dakika ile, chini ya gari la mdogo wake.

Kosa hili halieleweki bila kumweleza baba yake, Mzee Gumba. Macho yake yalizibika miaka tisa iliyopita. Hospitali walijaribu, ikashindikana, akabaki anaona mwanga na vivuli tu. Mwingine angekaa nyumbani kungoja kulishwa. Yeye alirudi karakana siku ya tatu, akakaa kwenye kiti, akaomba aletewe tairi. Akalizungusha, akatafuta kile kiduara kwa kidole gumba, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine kama mtu anayepapasa chuya kwenye mchele. Akasema mwaka. Fundi akatazama, ikawa sawa. Akaletewa la pili, sawa. La kumi, sawa. Mtaa mzima ukaja kutazama, na jina la Mzee Gumba likazaliwa siku hiyo.

Kuanzia hapo mteja alikuwa hatoi hela mpaka aulize, "Limepita kwa Mzee?" Wasiokuwa na uwezo wa matairi mapya, yaani karibu wote, walikuja kwao kwa sababu hiyo. Matairi yaliyotumika yamejaa mjini, yamepakwa rangi nyeusi yanang'aa kama viatu vya arusi. Lakini ni duka moja tu lenye kidole kisichodanganyika.

Fundi alikuwa na macho mazima. Angeweza kusoma mwenyewe, kazi ya kufumba na kufumbua. Alifanya hivyo mara moja, mwaka wa pili, baada ya baba yake kuchagua. Aliinama na tochi, kimyakimya. Mzee alisikia kitufe cha tochi. "Unanikagua?" akauliza, mbele ya wateja watatu. Hakusema naye siku tatu, wala hakula chakula chake. Tangu hapo Fundi hakutazama tena. Kumkagua baba yako mbele ya watu ni kumvua nguo, na yeye hakulelewa hivyo.

Asubuhi ile mdogo wake alikuja na mumewe na mtoto wao wa kike wa miaka minne. Shemeji ni fundi wa majokofu, amepata kazi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa barabara inayokata uwanda mkavu usio na mti. Gari lao dogo lilikuwa limebeba nyumba nzima: godoro juu, cherehani ya mkewe nyuma, masufuria, hata ndoo ya kuogea. Matairi yao ya zamani yalikuwa vipara.

"Shemeji, nataka ya bei nafuu lakini yasinitie aibu njiani," alisema.

Na Fundi akamfundisha, kwa kuwa kufundisha kulimpendeza. Usitazame meno, tazama umri. Tafuta herufi ya joto ubavuni: A ndiyo inayovumilia jua, C iachie wenye baridi yao. Minya ubavu, ukiona nyufa nyembamba kama kisigino cha mkulima, acha. Pima upepo alfajiri, tairi likiwa baridi. "Na sikiliza hili, shemeji, maana wanaume hamsikii. Tairi likichemka njiani, usilipunguzie upepo. Litalegea, litajikunja zaidi, litachemka zaidi, litapasuka. Pumzisha gari, basi."

"Dada, ukiendelea hivyo tutafika uzeeni," mdogo wake alimkatiza, na wote wakacheka.

Mzee Gumba aliyapiga yale manne kofi moja moja. Mjukuu akamwiga. Wakaondoka, wakiaga kwamba watapitia karakana ya majokofu kuchukua vifaa, na watatoka mjini saa tatu.

Sasa ilikuwa saa nne na robo. Fundi alipiga simu ya mdogo wake. *Namba unayopiga haipatikani.* Akapiga ya shemeji. *Namba unayopiga.* Uwandani hakuna mtandao isipokuwa pachache.

Hakufikiri mara mbili. Alikwenda ndani, akatoa matairi manne mapya ya saizi ile yaliyoagizwa na mteja mwingine (atanuna, anune), akayasoma kwa macho yake mwenyewe, moja moja. Akayatupa nyuma ya pikapu pamoja na jeki, vyuma vya kung'olea tairi na pampu ya mguu. Alipofungua mlango wa dereva, baba yake alikuwa ameshakaa upande wa pili, mkanda ameufunga.

"Baba, shuka. Nakwenda mbio."

"Ni mwanangu yule vilevile," akasema mzee. "Washa gari."

Mji ukaisha. Nyumba zikapungua, zikabaki kuta, kisha hata kuta hazikuwepo. Kulia na kushoto ni udongo mweupe na vichaka vya miiba, na mbele lami nyeusi inayotetemeka kwa joto mpaka inaonekana ina maji. Mshale wa mwendo ulifika mia moja na kumi. Fundi alishika usukani kwa mikono miwili, macho kwenye ncha ya barabara, na kila gari dogo lililotokea kule mbali moyo wake ulilikimbilia. Hili jeupe. Hili jekundu. Lao ni la kijivu.

Vipande vya tairi ndivyo vilivyomtesa zaidi. Barabara ile imejaa: mapande meusi yaliyochanika, yamelala pembeni yamejikunja. Siku nyingine yoyote angevipita kama mawe. Leo kila kipande kilikuwa na swali. Kipya au cha zamani? Cha lori au cha gari dogo?

"Mwanangu," akasema mzee.

"Nipo, baba."

"Punguza mwendo."

"Siwezi."

"Punguza. Nina neno, na sitaki kulisema kwa mwendo huu."

Kuna sauti ambayo mtoto hata akiwa na mvi anaitii. Fundi alitoa mguu, mshale ukashuka.

"Vidole vyangu havisikii kitu," akasema mzee.

"Ni upepo wa dirisha. Funga kioo."

"Si upepo. Ni tangu mvua za mwaka jana. Ni ile sukari. Ilianza na miguu, nikasema ni uzee. Ikapanda mikononi. Kwanza ganzi, halafu kama nimevaa glavu, sasa hata glavu siisikii." Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, kama mtu anayeweza kuuona. "Napapasa tairi, napapasa hewa."

"Lakini ulikuwa unataja miaka! Kila siku unataja!"

"Nilikuwa nakisia. Naligonga, nasikiliza. Nalinusa, mpira mzee una harufu yake. Mara nyingi napatia."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi."

Fundi alihisi hasira ikija, na nyuma yake kitu kibaya kuliko hasira. Miezi minne nyuma baba yake alilaza kiganja juu ya pasi ya moto ya kuchomea viraka. Fundi ndiye aliyenusa nyama inaungua. Mzee mwenyewe alikuwa anaendelea na mazungumzo yake. Fundi alimfunga bandeji, na jioni akawasimulia watu jinsi mzee alivyo jasiri, hakutoa hata sauti. Jasiri! Fundi alikuwa amejua. Alijua palepale, na aliogopa kujua, kwa hiyo akaigeuza ganzi ile kuwa sifa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema lolote kuhusu yule anayemsaidia kuficha.

Halafu wazo jingine likampiga, na hili lilimfanya ashike breki.

"Baba. Na haya?"

"Yapi?"

"Haya tuliyokalia. Ya pikapu. Tuliyaweka mwezi wa tatu."

Mzee aligeuzia uso dirishani.

"Haya nilikisia," akasema.

Fundi alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akalala juu ya changarawe inayochoma mgongo. Kwa bahati mbaya kile kiduara kilikuwa upande wa ndani kwa matairi ya mbele yote mawili, ikambidi aingize kichwa uvunguni na kufuta matope kwa mate. La upande wa abiria lilikuwa na miaka minne. La upande wake lilikuwa na miaka tisa, na pembeni mwa meno kulikuwa na nyufa ambazo hata kipofu angeziona, isipokuwa huyu wa kwao.

"Yanasemaje?" mzee akauliza kutoka dirishani.

"La upande wangu bovu."

"Basi nipishe niendeshe mimi," akasema, na hakuwa akitania.

Fundi alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kikaishia mahali pabaya, akalazimika kuweka paji la uso juu ya mlango wa moto mpaka kikome. Tairi la akiba hakuwa nalo, na yale mapya manne hayakuwa saizi ya pikapu. Kukimbia nalo mia na kumi ni kujiua. Alijua kazi yake: la mbele likipasuka kwenye sitini, mtu mwenye mikono yenye nguvu anaweza kulishika gari lisipinduke. Kwenye mia hakuna mikono. Akaondoka kwa sitini, akakaa hapohapo.

Hakuna adhabu kama kwenda polepole wakati roho inakimbia. Malori yaliwapita yakipiga honi. Mzee alikuwa anahesabu nguzo za simu kwa mlio wake dirishani, au anaomba. Midomo ilikuwa inacheza. Fundi alisikiliza tairi lake. Kila mtikisiko, kila kokoto, alisema ndilo hilo. Alijaribu kumfikiria mdogo wake akicheka, akashindwa. Alichoona ni cherehani ile nzito ikiruka kutoka nyuma kuja mbele, na mtoto katikati.

Karibu na saa sita aliona alama za breki. Mistari miwili mieusi, mipya, ilianza katikati ya njia, ikapinda, ikatoka nje ya lami na kuingia kwenye vichaka. Vumbi pale lilikuwa limevurugwa. Alisimama. Hakumwambia baba yake kwa nini.

"Kuna nini?"

"Ngoja."

Alitembea kufuata mistari. Kando ya kichaka palikuwa na kiatu kimoja. Kiatu cha mtoto? Aliinama. Kilikuwa ndala ya mtu mzima, imekatika kamba, imepauka kwa jua la miezi. Mbele kidogo mistari ilipinda tena na kurudi barabarani. Dereva fulani wa lori alisinzia, akazinduka, akaenda zake. Ni hivyo tu. Fundi alijishika kiuno, akatapika chai ya asubuhi, akapangusa mdomo kwa mkono wa shati.

"Si wao," alisema alipoingia ndani ya gari. Mzee alitoa pumzi ndefu. Ndipo Fundi alipojua kwamba mzee hakuhitaji kuambiwa.

Walilikuta gari la kijivu saa saba kasorobo, mahali penye kibanda cha bati cha kuuzia maji na soda, na mnara wa simu nyuma yake. Lilikuwa limesimama juani. Godoro lilikuwa juu. Ndoo ilikuwepo. Mdogo wake alikuwa ameketi kivulini mwa kibanda na chupa ya maji, mzima, anajipepea kwa kanga. Fundi alitaka kulia, lakini hakupata nafasi, kwa sababu sikio lake lilisikia kitu kingine: *ssssss*.

Shemeji alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, anatoa upepo kwa ncha ya kijiti.

"Acha!" Fundi alipiga ukelele akiwa bado hajaegesha. "Shemeji, acha hilo tairi!"

Shemeji aliruka kwa mshtuko, kijiti kikamponyoka. "Shemeji? Mmefuata nini huku? Yamechemka, nayapunguzia kidogo tu. Tumesimama mara tatu, hayapoi. Na hili limeanza kuvimba."

Mtoto alikuwa amesimama kando ya baba yake, mkono wake mdogo juu ya ubavu wa tairi. Pale alipouweka palikuwa pametoka nundu, kubwa kama ngumi, mpira umenyooka mpaka unang'aa. Alikuwa anaibonyeza kwa furaha.

"Babu!" akaita alipomwona mzee anashuka. "Babu, tairi lina mimba!"

Fundi hakumbuki alivyofika. Anakumbuka tu kwamba alimbeba mtoto kwapani kama gunia, akakimbia naye mpaka nyuma ya kibanda, na huko akakaa chini naye, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Tairi halikupasuka. Upepo aliotoa shemeji, upumbavu ule ule aliokatazwa, safari hii ulikuwa umewapa dakika chache. Kwenye mwendo, tairi likiwa limelegea na mzigo ule juu yake, usingewapa hata moja.

Walifanya kazi saa moja na nusu. Fundi alipiga jeki, akang'oa, akavisha, shemeji akakanyaga pampu huku jasho linamtiririka. Kila tairi lililotoka Fundi alilisoma. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi. La nne lilikuwa na miaka miwili, zuri kabisa. Hilo mzee alipatia. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kreti la soda na mjukuu magotini, anasikiliza tarakimu moja baada ya nyingine zikitajwa.

"Kwani yana nini haya?" mdogo wake aliuliza. "Si yalipita kwa baba?"

Chuma cha kung'olea kilisimama hewani. Fundi alimtazama baba yake. Uso wa mzee ulikuwa umegeukia sauti, umenyooka, unangoja.

"Mzigo mbovu," Fundi akasema. "Waliotuuzia wamechokonoa namba, wakabandika nyingine. Hata Mzee asingejua."

"Washenzi!" mdogo wake akasema, akasonya, akawalaani wauza matairi wa dunia nzima. Baadaye alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akampakia mtoto, na wakaondoka polepole kwa matairi mapya, ndoo ya kuogea ikigongagonga juu. Fundi alisimama barabarani mpaka gari likawa nukta.

Aliporudi mzee alikuwa bado kwenye kreti.

"Umenisitiri," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ni matairi mangapi, unadhani? Tangu mvua za mwaka jana?"

Fundi alikuwa amelikimbia swali hilo barabara nzima. Sasa likamkalia kifuani. Miezi kumi. Siku nyingine gari mbili, siku nyingine sita. Watu wasio na uwezo wa mapya. Magari yenye watoto, yenye wagonjwa, ya watu waliomwamini mzee kuliko walivyoamini macho yao. Wote wako kwenye jua hilihili, lami hiihii. Woga aliodhani umeondoka na gari la kijivu ulirudi, na safari hii haukuwa na sura ya mtu mmoja.

"Siwakumbuki wote," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nawakumbuka," akasema mzee. "Macho yamekwenda, vidole vimekwenda, kichwa bado kipo. Hapa pana mtandao?"

Ulikuwepo, kwa ajili ya ule mnara. Mzee alianza na wa mwanzo kabisa: mwalimu wa hesabu, matairi mawili ya nyuma, siku iliyofuata mvua kubwa. Mwalimu huyo huwachukua wenzake wanne kila siku. Fundi akatafuta jina kwenye simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Iliita mara tano. Ilipopokelewa ilikuja na mvumo wa injini na watu wanaocheka nyuma.

"Fundi! Habari za kupotea?"

"Nzuri, mwalimu. Uko barabarani?"

"Tumetoka shule sasa hivi, tunarudi mjini. Sema."

"Mwalimu, simama pembeni, tafadhali. Yale matairi ya nyuma. Tumegundua ule mzigo ulikuwa na walakini, usiende nayo tena, tutakuja..."

"Aaa, Fundi!" Mwalimu aliangua kicheko. "Biashara imekuwa ngumu eh? Unataka kuniuzia mengine? Yale Mzee aliyashika mwenyewe, nikiwa nimesimama pale. Akisema Mzee Gumba, mimi nimelala usingizi. Mwambie namsalimia."

"Mwalimu, nisikilize..."

"Nakata, Fundi, naendesha." Hakuwa amekata bado; mvumo wa injini ukapanda, alikuwa anaongeza mwendo.

Mzee alinyoosha mkono. Fundi aliiweka simu kwenye kiganja chake, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kuizunguka ili isianguke. Mzee akaisogeza mdomoni.

"Mwalimu," akasema. "Ni mimi."

"Shikamoo, Mzee! Nilikuwa namwambia binti yako..."

"Nimesikia. Mkono wangu umekufa. Una karibu mwaka. Siku ile sikuhisi kitu, mwalimu, nilikisia, na niliogopa kuwaambia. Usiniamini tena. Simama."

Kicheko cha nyuma kilikoma. Walisikia injini ikishuka, gia baada ya gia, kisha kokoto chini ya magurudumu, kisha kimya kabisa.

Mzee alimrudishia binti yake simu. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyapangusa.

"Wa pili," akasema.